Nani Amekutuma? Kamera, Mpaka na Shaka katika Wilaya za Ngara na Biharamulo tangu Uhuru

Katika Kiswahili cha Tanzania, mtu afanyaye jambo kwa mapenzi yake bila kulipwa huitwa mtu wa ridhaa. Kuna bondia wa ridhaa na mchezaji wa ridhaa. Kwa mantiki hiyohiyo kuna mpiga picha wa ridhaa, yaani yule anayebeba kamera kwa kujifurahisha. Neno hilohilo hutumika pia kwa kibali anachokitoa mtu kabla ya kutendewa jambo. Lugha imeyaweka chini ya neno moja mambo mawili ambayo, katika historia ya upigaji picha wa hadharani, yamekuwa yakigongana mara kwa mara: ridhaa ya anayepiga na ridhaa ya anayepigwa.

Makala haya yanauchunguza mgongano huo katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi au iko jirani nazo kwa mwendo wa saa chache. Jambo linalohitaji maelezo ni hili: mwandishi wa habari mwenye kitambulisho hupiga picha gulioni na watu wakamzoea baada ya muda, mpiga picha wa studio huombwa, hungojwa na hulipwa, lakini mtu anayepiga picha za gulio, barabara au daraja kwa sababu tu zimempendeza huzungukwa, huulizwa, na wakati mwingine hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Anayeonekana kuwa na nia nyepesi kuliko wote ndiye anayeshukiwa kuliko wote.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watu wa vijijini huogopa kamera kwa kuwa wanaamini picha hunyang'anya kivuli au roho. Maelezo hayo yameandikwa kuhusu karibu kila jamii isiyo ya Ulaya, na kwa hiyo hayaelezi jamii yoyote mahususi. Tena hayaendani na ushahidi ulio wazi, kwani nyumba nyingi za wilaya hizi zina picha ukutani. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba shaka ya Ngara na Biharamulo ina historia yake yenyewe, na kwamba historia hiyo inahusu zaidi safari ya picha baada ya kupigwa kuliko kitendo cha kupigwa. Watu walijifunza, kwa mapigo tofauti katika muda wa miongo sita, kwamba kila picha ina aliyeituma. Anayesema hakutumwa na mtu anadai jambo ambalo uzoefu wa mahali hapo haujawahi kulithibitisha.

Picha yenye mwenyewe

Kabla ya simu za mkononi kuenea, njia ya kawaida ya kupata picha katika miji midogo ya Tanzania ilikuwa studio, au mpiga picha wa mtaani aliyetembea na kamera ya mkanda harusini, kanisani, stendi na kwenye mahafali ya shule. Mkataba wake ulifahamika kwa wote. Anayepigwa ndiye aliyeagiza. Alivaa nguo aliyoichagua, alisimama mbele ya pazia lililochorwa bahari au ghorofa, alitoa malipo ya awali, kisha alisubiri mkanda uishe na upelekwe kusafishwa mjini. Picha iliporudi ilikuwa mali yake. Ilibandikwa ukutani, ilitumwa kwa ndugu, au iliwekwa ndani ya albamu iliyotolewa kwa mgeni pamoja na soda.

Pembeni yake kulikuwa na picha ndogo za pasipoti, ambazo pia mtu alizilipia, ingawa hazikuwa zake kwa maana ileile. Hizo zilikwenda kwenye fomu ya shule, kadi ya chama, maombi ya kazi au hati ya kusafiria. Tofauti ya aina hizi mbili inafaa kuzingatiwa. Picha ya studio humwonyesha mtu jinsi anavyotaka kuonekana; ile ya pasipoti humwonyesha jinsi ofisi inavyotaka kumtambua. Hata hivyo zote mbili zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijua zinakokwenda. Hakukuwa na aina ya tatu katika maisha ya kawaida, yaani picha ya mtu iliyopigwa na asiyemjua, kwa sababu asiyoijua, ikaenda asikokujua. Aina hiyo ilipofika ilifika na watu wa nje, na ilifika mahali ambako mtu wa nje alikuwa tayari ni suala la usalama.

Mgeni, balozi na daraja

Tangu mwanzo wa uhuru wilaya ya Ngara ilikuwa mahali pa kupokea watu. Machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959 yaliwasukuma wakimbizi kuvuka mto Kagera, na makazi ya Muyenzi yakaanzishwa wilayani humo kwa ajili yao. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yaliongeza wimbi jingine upande wa magharibi mwa nchi. Wenyeji wanaosema Kihangaza na Kishubi walielewana na wageni hao bila mkalimani, kwa kuwa lugha hizo ni jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Hapo ndipo ugumu wa kumtambua mgeni ulipozaliwa: sura na lugha havikutosha kumtenga. Utambuzi ulitegemea kujua mtu amefikia kwa nani.

Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, uliowekwa na TANU katika miaka ya 1960, ulilipa jambo hilo sura ya kiserikali. Mgeni aliyelala katika nyumba alipaswa kujulikana kwa balozi. Miaka ya 1980, sungusungu walipoanzia Usukuma na Unyamwezi kisha mfano wao ukaenea, ulinzi wa vijiji ulizidi kuwa kazi ya wanavijiji wenyewe. Katika mazingira kama hayo swali la "umefikia kwa nani?" ni la adabu na la ulinzi kwa wakati mmoja, na mgeni mstaarabu hulijibu kabla hajaulizwa.

Sheria nazo zilikuwapo. Sheria ya Maeneo Yanayolindwa ya mwaka 1969 na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 zilitungwa wakati serikali ikihofia mashambulizi ya Wareno kutoka Msumbiji na hujuma za ndani. Mwananchi wa kawaida hakuzisoma. Alichokipokea ni tafsiri yake ya mdomo, iliyokuwa pana kuliko maandishi: usipige picha daraja, kambi, uwanja wa ndege, kituo cha polisi, wala kiongozi akiwa safarini. Tafsiri hiyo haikuwa na mipaka, na pengine ndiyo sababu imedumu. Sheria iliyoandikwa huweza kurekebishwa bungeni; inayokaa vichwani mwa askari mgambo na mwenyekiti wa kitongoji hairekebishwi na mtu.

Vita vya Kagera viliithibitisha kwa mfano usiosahaulika. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka, kaskazini mwa mkoa huohuo, ili kuyazuia majeshi ya Tanzania yasivuke mto. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini adui angetaka kujua daraja limejengwaje. Ngara na Biharamulo hazikuvamiwa, lakini vijana wake walikwenda vitani pamoja na wengine, na mkoa ulirudi ukiwa na kumbukumbu kwamba daraja ni kitu kinachoweza kumalizwa kwa siku moja.

Benaco

Aprili 6, 1994, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikitoka kwenye mkutano wa viongozi jijini Dar es Salaam, ilitunguliwa karibu na Kigali. Mauaji ya kimbari yakaanza. Kabla ya mwisho wa mwezi huo maiti zilikuwa zikishuka na mto Kagera kupita chini ya daraja la Rusumo, zikiporomoka kwenye maporomoko na kuendelea hadi Ziwa Victoria, ambako Uganda iliopoa na kuzika maelfu. Kisha, kati ya Aprili 28 na 29, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja hilohilo kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa halijawahi kushuhudia watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi kama hiyo. Walielekezwa Benaco, karibu na Kasulo, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyopiga kambi hapo hapo awali.

Pamoja na malori ya mahindi na mahema zilikuja kamera. Ni vigumu kueleza ukubwa wa mabadiliko haya kwa wilaya ambayo kabla ya hapo ilikuwa na wapiga picha wachache tu. Timu za televisheni, wapiga picha wa magazeti na wapiga picha wakubwa wa dunia walikuwa pale kwa pamoja. Mbrazili Sebastião Salgado alipiga Benaco baadhi ya picha zilizoingia katika kitabu chake cha uhamaji kilichotoka mwaka 2000. Sababu ilikuwa rahisi: ndani ya Rwanda kulikuwa hakupitiki, wakati Ngara ilikuwa na barabara ya lami, uwanja wa ndege mdogo na usalama wa kiasi. Mto wenye maiti ulipigwa picha kutoka darajani. Kilima chenye moshi wa mioto ya asubuhi kilipigwa kutoka juu. Watu walipigwa wakiwa wamelala, wakiharisha, wakizika.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Kirundi huko Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alichapisha mwaka 1996 makala yenye hoja kwamba namna mashirika na vyombo vya habari vinavyowaonyesha wakimbizi huwafanya kuwa umati usio na jina wala historia, watu wanaoonekana bila kusikika. Hoja yake inaihusu Benaco moja kwa moja. Hata hivyo inahitaji kuongezewa jambo moja ambalo mtazamo wa wakimbizi kama wanyonge watupu hauruhusu kulisema: katika kambi ile wapo waliotaka sana kubaki umati usio na jina.

Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo upande wa Rwanda, alivuka na watu wake. Katika eneo lake ndiko lilikokuwa kanisa la Nyarubuye, ambako maelfu ya Watutsi waliokimbilia waliuawa katikati ya Aprili. Mwandishi wa BBC, Fergal Keane, baada ya kufika Nyarubuye, alimkuta Gacumbitsi Benaco na kumhoji mbele ya kamera. Gacumbitsi alikana. Mwaka 2001 alikamatwa mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikakifanya cha maisha. Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani wa Murambi, naye alikuwa Benaco. Juni 1994 jaribio la kumwondoa kambini lilizusha ghasia; maelfu ya watu, baadhi wakiwa na mapanga na fimbo, waliwazunguka wafanyakazi wa misaada hadi ikabidi shughuli zisimamishwe kwa muda. Gatete alikuja kukamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002 na kuhukumiwa Arusha.

Kwa hiyo hofu ya kamera katika Benaco ilikuwa na sababu zaidi ya moja, na sababu hizo zilikinzana. Muuaji aliogopa kutambuliwa. Mtu asiye na hatia aliogopa kuonekana kando ya muuaji, kwa kuwa picha haielezi nani amesimama karibu na nani kwa hiari. Shahidi aliogopa kwamba kuzungumza mbele ya kamera kungemponza usiku wa siku hiyo. Wote waliogopa kwamba picha ingefika Kigali, kwa watawala wapya. Mtu aliyefunika uso kwa kanga lenzi ilipoinuliwa angeweza kuwa yeyote kati ya hao, na aliyemtazama hakuwa na njia ya kujua. Utafiti wa baadaye wa Simon Turner katika kambi ya Lukole, iliyowahifadhi Warundi wilayani humohumo, unaonyesha jinsi siasa, uvumi na kutafutana vilivyoendelea kuwa sehemu ya maisha ya kambi hata dharura ya kwanza ilipokwisha.

Wenyeji waliyatazama haya yote. Historia nyingi za Benaco huwasahau, ingawa mashamba yao ndiyo yaliyogeuka kambi na miti yao ndiyo iliyogeuka kuni. Waliona kwamba mtu mwenye kamera hufika na gari, hupiga, huondoka, na picha haionekani tena. Jambo hili lilivunja mkataba wa studio kwa kila kipengele: hakuna aliyeagiza, hakuna aliyelipwa, hakuna kilichorudi. Waliona pia kwamba picha ilileta chakula, kwa maana misaada ilifuata habari. Na hapo wakafikia hitimisho ambalo haliwezi kuitwa la ujinga: kwamba picha ya mtu maskini ina thamani fulani mahali fulani, na thamani hiyo huchukuliwa na mwingine.

Miongoni mwa waliobeba kamera walikuwa wafanyakazi wa misaada wenyewe. Madaktari, madereva, wahandisi wa maji na wahasibu wa mashirika walikuwa na kamera ndogo mifukoni, na siku za mapumziko walipiga picha za machweo, za watoto na za magulio, ili wakawaonyeshe wa nyumbani kwao. Hawa ndio waliokuwa wapiga picha wa ridhaa wa kwanza kuonekana Ngara kwa wingi. Walipiga bila kutumwa na mtu. Lakini walivaa fulana zilezile za mashirika, walishuka kwenye magari yaleyale, na waliishi ng'ambo ya uzio uleule. Mkulima wa Kasulo hakuwa na sababu ya kutofautisha picha iliyokwenda Geneva kwenye taarifa na iliyokwenda kwenye albamu ya mtu. Mpiga picha wa ridhaa aliingia katika historia ya wilaya akiwa amevaa sare ya ofisi, na ni haki kusema kwamba hajafanikiwa kuivua tangu hapo.

Kulikuwa na mfano wa kinyume, ingawa uliojulikana zaidi ulikuwa upande wa pili wa Rwanda. Katika kambi za Zaire, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, picha zikabandikwa kwenye mbao, na wazazi wakapita wakitafuta sura. Kamera ilikuwa ileile na wapiga picha walikuwa wageni vilevile. Tofauti ni kwamba picha ilirudi kwa wenyewe. Ngara kazi ya namna hiyo ilifanywa pia na sauti: Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilitangaza kwa lugha za watu na ikasikilizwa na wenyeji na wakimbizi pamoja. Chombo hicho cha wageni kilipokewa, kwa kuwa aliyesema alijua nani anasikiliza.

Amri, pori na kitambulisho

Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na shirika la wakimbizi, ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi waliacha kambi wakaelekea mashariki, ndani ya Tanzania. Jeshi likawageuza, na barabara ya Rusumo ikajaa watu tena, safari hii wakielekea upande wa pili. Kamera zilirudi kwa siku chache, kisha zikaondoka kabisa.

Kilichobaki kilikuwa silaha na pori. Kwa miaka mingi baadaye abiria waliopita misitu ya Biharamulo, kutoka Nyakanazi na Lusahunga au kuelekea Muleba, walisafiri kwa misafara iliyosindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wenye bunduki. Mabasi yalingojana kwenye kizuizi. Mtu aliyepiga picha ya basi, ya foleni ya magari au ya askari waliokuwa wakisindikiza aliweza kuonekana anahesabu. Hofu hii haikuwa na uhusiano na ukimbizi peke yake, wala na ugeni wa taifa. Jambazi aliweza kuwa Mtanzania, na mpelelezi wake aliweza kuwa kijana mwenye mavazi safi anayetazama tu. Biharamulo, ambayo haikuwa na Benaco yake, ilifikia shaka ileile kwa njia ya barabara.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali siku kumi na nne waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa, wakiwamo waliokuwa wameishi nchini kwa miongo, waliooa na kuolewa, na waliodhani ni Watanzania. Uhusiano wa Tanzania na Rwanda ulikuwa umechacha tangu Mei ya mwaka huo. Kwa wilaya ambazo sura na lugha havimtengi mtu, operesheni ya namna hiyo ilitegemea ushahidi wa jirani na karatasi. Ndio wakati huohuo kitambulisho cha taifa, chenye picha, kilipoanza kutolewa nchini, na katika maeneo ya mpakani uhakiki wa uraia ukawa mgumu zaidi kuliko kwingine. Picha ndogo ya pasipoti, iliyokuwa kazi ya dakika tano studio, ikawa jambo la kubaki au kuondoka.

Hapa ndipo tafsiri ya shaka kama ushamba inapoonyesha udhaifu wake wote. Bibi aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto miaka arobaini iliyopita, anayemwona kijana asiyemjua akipiga picha ya watu gulioni, halazimiki kuamini kivuli chake kinachukuliwa. Anatosheka kufikiri kwamba uso wake unaweza kufika ofisini.

Watoto

Kuna eneo moja ambalo shaka imebeba uzito wa uhai wenyewe. Tangu mwaka 2007 hivi Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino, wakiuawa au kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Kagera haikusalimika, na hofu haikuisha: mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mzazi wilayani Muleba, jirani kabisa na Biharamulo, akapatikana akiwa ameuawa. Katika mazingira hayo mgeni anayempiga picha mtoto wa aina hiyo, hata kwa huruma au kwa kuvutiwa na sura yake, anafanya kile ambacho mtafutaji angekifanya: anaonyesha kwa mwingine kwamba mtoto yupo na yuko wapi.

Wapo watakaoiunganisha hofu hii na visa vya zamani vya mumiani na chinja-chinja, vilivyosimuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni kuhusu wageni wanaonyonya damu kwa ajili ya dawa. Uhusiano upo, lakini si wa kurithi ushirikina. Luise White, aliyevichunguza visa hivyo, ameonyesha kwamba vilibeba fikra za watu juu ya kazi, mamlaka na miili yao chini ya utawala wa kikoloni. Mauaji ya miaka ya karibuni si kisa. Mahakama zimewatia watu hatiani, na wazazi wanaofunga mlango kamera ikikaribia wana ushahidi mkononi.

Simu

Leo karibu kila kijana ana kamera mfukoni. Vijana waliozaliwa Kasulo au Nyakahura baada ya kambi kufungwa hupiga picha za mpira, za harusi na zao wenyewe, na hawaulizwi na mtu. Ingedhaniwa kwamba wingi huu ungeiondoa shaka. Umeihamisha. Swali halimwendei tena mwenye kamera. Linamwendea mwenye kamera asiyejulikana, au mwenye kamera kubwa yenye lenzi ndefu, ambayo bado inasomwa kama chombo cha ofisi. Kijana wa hapohapo anapiga picha akiwa na jina na ukoo, na aliyepigwa anajua pa kumfuata. Simu imeurudisha mkataba wa studio kwa wenyeji, na imewaacha wageni nje yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta msamiati mpya wa haki ya mtu juu ya taarifa zake, na Katiba ya mwaka 1977 katika ibara ya 16 ilishatambua haki ya faragha. Lakini katika gulio linalofanyika mara moja kwa wiki, kinachofanya kazi bado ni ule utaratibu wa kale: mgeni hufika kwa mwenyekiti, hujitambulisha, husema picha zitakwenda wapi, na wakati mwingine hurudi na picha zilizosafishwa. Wapiga picha wa ridhaa wanaoulalamikia utaratibu huu kwamba unaua picha ya ghafla wanasema kweli. Picha ya ghafla ndiyo hasa iliyopigwa Benaco.

Mgogoro wenyewe umesimama wazi kabisa Rusumo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na humo kamera inakaribishwa. Mgeni hulipa kiingilio ili apige picha. Akiendelea na barabara ileile kuelekea magharibi atafika kwenye maporomoko ya Rusumo, ambayo ni mandhari kwa kila hali. Juu yake kuna daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, kando yake kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na marais wa Tanzania na Rwanda Aprili 2016, na karibu hapo mtambo wa umeme wa megawati 80 wa nchi tatu. Maji yanayotamaniwa na mpenda picha na miundombinu inayolindwa na askari viko ndani ya fremu moja. Chini yake ni mto uleule wa Aprili 1994. Askari anayemwendea mtu aliyesimama hapo na kamera humuuliza anapiga picha ya nini, na mtu huyo, hata akisema kweli kwamba anapiga maji, hana namna ya kuyapiga maji peke yake.